Kabla Hujaenda Kujitolea Ughaibuni, Kaa Kwanza

Kazi yangu ya kwanza ya kujitolea ughaibuni, kwenye makao ya wazee, ilikuwa kumnywesha bibi mmoja maji. Nilikuwa na miaka 23, shahada bado inanukia wino, kichwa kimejaa mipango. Nikasimama kando ya kiti chake, nikamwinulia bilauri mdomoni, akapaliwa. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Muuguzi alikuja mbio, wala hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia nikae. Ukisimama, akasema, mgonjwa anainua kichwa kukutazama, na maji yanapita njia siyo. Halafu akachota kijiko cha unga maalumu wa kuyafanya maji yawe mazito, maana mzee aliyelegea misuli ya koo hupaliwa upesi na kinywaji chepesi. Kidevu kishuke kidogo, funda moja dogo, ngoja ameze, ndipo jingine. Bilauri moja ilituchukua dakika 20.

Naanza na bilauri, wadogo zangu, kwa sababu kila mnaponitafuta mnaniuliza viza na tiketi. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza kazi yenyewe ikoje.

Kwa miezi miwili ya kwanza wewe ni mzigo. Usikasirike, ndivyo ilivyo. Mtu mwenye kazi zake anaziacha akufundishe, mwingine anakutafsiria, mratibu anahangaika na kibali chako cha kuishi. Faida yako inaanza kuonekana mwezi wa tatu, na ajabu ni kwamba mwezi huohuo ndio upweke unapouma, kwa kuwa ugeni umeisha na wenzako wa nyumbani wamepunguza kupiga simu. Kwa hiyo mimi simshauri mtu kwenda wiki mbili kwenye kazi ya kuhudumia watu. Wiki mbili zinatosha kusafisha njia za msituni au kupaka rangi ukuta, ambao hautakukumbuka ukiondoka. Mtoto anakukumbuka.

Hapo kwa watoto ngoja nikae kidogo. Ukiona tangazo linakualika kulea watoto yatima kwa majuma machache, bila kukuomba cheti cha polisi wala kukuuliza umewahi kufanya kazi na watoto wapi, liache. Watoto wengi wanaoishi kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana mzazi aliye hai. Wamepelekwa kule kwa sababu ya umaskini, na wapo waliotolewa makwao makusudi ili wageni wenye fedha wapate wa kuwahurumia. Australia ilipopitisha sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, biashara hii ilitajwa wakati wa kuijadili. Na hata kituo kikiwa safi, fikiria mtoto wa miaka minne anayezoea uso mpya kila mwezi, kisha uso unaondoka. Hiyo tunamfundisha nini?

Swali ninalowapa wote ni hili: kazi hii ilikuwa inafanywa na nani kabla yangu, na itafanywa na nani nikiondoka? Mwandikie hivyohivyo yule anayekualika. Akijibu kwa picha za machweo, umeshajua. Akikujibu kwamba yupo mfanyakazi fulani utakayemsaidia zamu za asubuhi, na kwamba kuna mwenzako anaondoka Juni, hapo pana kazi ya kweli.

Fedha. Usilipe ada kubwa ili ukafanye kazi bure kabla hujatazama programu zinazokugharimia. European Solidarity Corps, programu ya Umoja wa Ulaya ya vijana wa kujitolea, inachukua vijana wa miaka 18 hadi 30 na inagharimia malazi, chakula, bima na posho ndogo, pamoja na mchango wa nauli; ila si kila nchi imo, soma orodha ya nchi kabla hujaanza kuandika maombi. Ujerumani ina programu ya weltwärts, iliyoanza mwaka 2008 kupeleka vijana wake nje, na tangu 2013 inapokea pia vijana kutoka nchi washirika kwenda kujitolea kule. Umoja wa Afrika nao una programu yake ya vijana wa kujitolea, ilianzishwa 2010, kwa wenye miaka 18 hadi 35. UN Volunteers, programu ya kujitolea ya Umoja wa Mataifa yenye makao makuu Bonn, Ujerumani, haitozi ada katika hatua yoyote, kwa hiyo anayekuomba fedha ya fomu kwa jina lao ni tapeli, mfungie namba yake.

Makaratasi nitayapitia haraka. Usiingie kwa viza ya utalii ukafanye kazi, hata kama mwenyeji anasema kila mtu anafanya hivyo. Atakayerudishwa uwanja wa ndege ni wewe, si yeye. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, basi usichanje siku moja kabla ya safari. Mkataba uandikwe saa za kazi, siku za mapumziko na nani anabeba gharama ukiugua. Wangu haukuandika saa. Nilifanya siku 11 mfululizo ndipo nikapata ujasiri wa kuuliza, na nilipouliza niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba walidhani ninapenda.

Sasa aibu yangu. Mwezi wa nne niliona pale makao ya wazee zamu za kuogesha zinaandikwa kwenye daftari lililofungwa kamba ukutani, kurasa zimelowa, kalamu moja ya watu wote. Nikasema hapa ndipo nitakapoacha alama. Nilikesha wiki mbili nikitengeneza jedwali kwenye kompyuta, rangi ya kijani kwa aliyeogeshwa, nyekundu kwa ambaye bado. Wote wakalisifu. Hakuna aliyelitumia. Kompyuta ilikuwa ofisini, mwisho wa ukumbi. Daftari lilikuwa mlangoni pa bafu, na mtu aliyetoka kumwogesha mzee ana glavu zimelowa na mzee mwingine anamsubiri. Ningemuuliza mmoja tu kwa nini daftari linaning'inia pale, ningelala zile usiku zote. Mpaka naondoka walikuwa bado wanaandika kwenye daftari. Mchango wangu wa kudumu ukawa kununua kalamu ya pili na kuifunga kamba.

Sikuwa wa kwanza kudhani nia njema inatosha. Mwaka 1920 Mswisi mmoja, Pierre Ceresole, alikusanya watu wa mataifa mbalimbali, Wajerumani wakiwemo, wakajenge upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kilichobomolewa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wazo zuri mno. Kambi haikumaliza mwaka, kwa sababu kuwepo kwa Wajerumani mahali pale, na vita vimeisha juzi tu, kulizua upinzani. Shirika lililozaliwa pale, Service Civil International, lipo mpaka leo.

Lugha: kabla ya salamu za kitabuni, jifunze maneno ya kazi. Mimi niliweza kujieleza nimetoka wapi na nina ndugu wangapi, lakini sikujua kuuliza "panauma wapi?" Na picha, tafadhali. Mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kukupa ruhusa ya kuweka uso wake mtandaoni, hata akitabasamu.

La mwisho ni barua ya utumishi. Iombe wiki nne kabla ya kuondoka, ieleze ulifanya nini na kwa muda gani, uisome mwenyewe kabla haijapigwa muhuri. Mimi niliiomba siku ya mwisho, mratibu yuko likizo. Ilinifikia baada ya miezi mitano, jina limekosewa, na chini ya majukumu yangu wameandika: msaidizi wa kompyuta.