Matanga ya Polepole

Swali lenu la juma hili lauliza: muziki wa huzuni humliwaza mfiwa au humzidishia majonzi? Mimi nasema huliwaza, mradi uwe wa polepole kupita kiasi. Huzuni ya maneno ndiyo naiona ina madhara. Mwimbaji akimlilia mama yake dakika tatu redioni, nawe utamlilia wako, halafu hujafuta machozi linaingia tangazo la unga wa ugali.

Ninaousikiliza mimi ni metali ya mazishi, aina ya roki nzito ambayo wenyewe huiita funeral doom. Najua mhariri ataguna. Nyuzi za magita zimelegezwa hadi sauti ikawa ya chini kabisa, ngoma inapiga mara moja kisha inakuacha ukisubiri, na mtu ananguruma kutoka tumboni bila neno kusikika. Singeli ya Dar hupita mapigo 200 kwa dakika. Huku mara nyingi hayafiki 60. Mpangaji mwenzangu hapa Kisauni, Mombasa, aliniuliza kama redio imeishiwa betri.

Mizizi yake mikubwa iko Ufini. Vijana wa kundi la Thergothon walitoa albamu moja tu, Stream from the Heavens, mwaka 1994, na baada ya hapo basi. Mwaka uliofuata wenzao wa hukohuko, Skepticism, wakatoa Stormcrowfleet. Hao hawana mpiga besi. Kinanda chenye sauti ya kanisani ndicho kinachojaza sauti za chini, na jukwaani hupanda na suti rasmi kama watu waliokuja kuzika kweli. Albamu yao ya 2015, Ordeal, waliirekodi mbele ya watazamaji. Uingereza kuna Esoteric wa Birmingham, jiji lilelile lililowatoa Black Sabbath, waasisi wa metali. Ujerumani kuna Ahab, ambao huimba bahari tupu. Albamu yao ya kwanza, ya 2006, imetokana na Moby-Dick, riwaya ya kumwinda nyangumi. Hao nawapendekeza kwa watu wa kivuko cha Likoni.

Hakuna anayetajirika kwa kazi hii. Zamani walitumiana kanda kwa posta, siku hizi wengi wako Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, na mtu wa Mombasa anaweza kununua kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa akiwa kitandani. Nairobi metali ipo, na kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ila hao ni wa kasi. Onyesho la huu wa polepole sijapata kuliona hapa Pwani.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Shangazi yangu alipofariki kule Kaloleni, usiku wa matanga kulikuwa na disko. Kwa wasomaji wa bara: disko matanga ni mitambo ya muziki inayokodiwa msibani, vijana wanacheza hadi alfajiri, anayetaka wimbo wake analipa, na pesa zinasaidia mazishi. Kilifi na Kwale wakubwa wa serikali wameipiga marufuku mara nyingi, wakiilaumu kwa mimba za wasichana wa shule, na bado ipo. Siwezi kuitukana sana, maana sehemu ya pesa za sanduku la shangazi ilitoka humo. Lakini nilikaa mlangoni mwa chumba walimokuwa kina mama, na kila besi ilipopiga, vikombe vya chai vilitetemeka kwenye sinia. Binti ya marehemu alikuwa akivishika ili visigongane. Anashika hiki, kinalia kile. Usiku kucha kazi yake ikawa hiyo, na kulia hakulia.

Kwa hiyo kwetu muziki wa matanga ni wa kurukaruka, na ule ulioitwa wa mazishi hakuna anayezikwa nao. Majirani zangu Waislamu wameepukana na tatizo hili: maiti huzikwa mapema, muziki hakuna, inasomwa hitima basi. Nawaonea wivu kidogo.

Kazi ninayoirudia zaidi ni ya Bell Witch, watu wawili wa Seattle. Mwaka 2016 Adrian Guerra, aliyekuwa mpiga ngoma wao, alifariki, na kazi waliyokuwa wakiitunga ikageuka maombolezo yake. Mirror Reaper ilitoka 2017: wimbo mmoja wa dakika 83, besi, ngoma na kinanda, gita halimo. Ndani yake wakaweka sauti ya Guerra mwenyewe iliyokuwa imebaki katika rekodi za nyuma. Nimewahi kuuanza nikipanda matatu Ukunda, nikavuka feri, nikashuka mjini bado unaendelea.

Kinachoniliwaza ni ile nafasi kati ya pigo na pigo. Toazi linavuma, linafifia, na pigo la pili halijaja. Huwezi kucheza wala kuimba pamoja nao. Basi namkumbuka shangazi alivyokuwa akihesabu chenji mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili muuza duka asikie. Pigo linakuja, linapita, nami nakumbuka jingine. Hakuna anayeniambia nijikaze.

Wapo watakaowaandikia kwamba ni muziki wa mashetani. Ngurumo inatisha, sikatai, ila mimi nimeona mengi ya kishetani zaidi kwenye nyimbo za harusi. Anayetaka kujaribu asianze na Esoteric, ambao albamu zao nyingi ni za diski mbili na ndani mna vurugu. Aanze na Ahab, usiku, kwa iafoni nzuri, maana spika ya simu haitoi besi na bila besi hakuna alichosikia. Na mkiwa na msiba, tafadhali, msiukodie mitambo.