Sainasi na kukatika pumzi usingizini

Umeuliza kama kuoshwa sainasi kutamponya mzee wako kukatika pumzi usingizini. Hapana, peke yake hakutamponya. Sainasi ni mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na hewa ya kwenda mapafuni haipiti humo. Njia hujifunga chini zaidi, kooni, nyuma ya kaakaa laini na shina la ulimi, misuli inapolegea mtu akilala. Ndiyo maana shingo nene au taya dogo la chini hututia wasiwasi kuliko picha ya sainasi.

Pua yenyewe ni habari nyingine. Ukuta wa kati ukipinda au vinyama vikiziba, mtu huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo huzidi kulibana koo, kama mrija laini unaonyonyea ukwaju mzito. Akiishia kulala mdomo wazi, ulimi unarudi nyuma.

Niko kliniki ya masikio, pua na koo. Wengi waliorekebishwa pua hupunguza kukoroma na kuvumilia vizuri zaidi mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa mtu akilala, ila idadi ya pumzi zinazokatika kwa saa mara nyingi haishuki sana. Kwa mtu mzima, 5 kwa saa tayari ni tatizo. 30 ni kali. Apimwe usingizi kwanza kabla hamjalipia kisu.

Kwa mtoto ni tofauti: hapo huwa ni tonsili na nyama za nyuma ya pua, na kuziondoa husaidia kweli.