Chicago hadi Salt Lake City: siku mbili hazitoshi

Ndugu dereva wa lori, maili 1,400 kwa siku mbili hazifiki. Sheria ya Marekani inakupa saa 11 za usukani ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, na hizo 14 zinaendelea kuhesabika hata ukiwa foleni ya kupakia. Kwa wastani wa maili 55 kwa saa, unapata kama 600 kwa siku. Mwahidi mteja siku ya tatu.

Pima mzigo mapema. Ekseli (mihimili ya matairi) za trela zikizidi pauni 34,000, sogeza matairi ya trela nyuma. Uzito utahamia kwenye kichwa cha lori, gari linalovuta trela.

Balaa lenyewe ni barabara kuu ya I-80 katika jimbo la Wyoming, Laramie hadi Rawlins: upepo hupindua trela tupu, barabara hufungwa. Angalia hali ukiwa Cheyenne, penye maegesho.