Kixhosa kwa Mswahili: vidoko si kazi kubwa

Mkuu, umeuliza kama anayejua Kiswahili anaweza kuanza Kixhosa, lugha ya Kibantu ya Afrika Kusini, peke yake kabla ya kuhamia Cape Town, na kama lazima kwanza aziweze zile sauti za kupiga ulimi, yaani vidoko. Anaweza, na si lazima. Vidoko vinataka dakika kumi kila siku, basi. Kinachomwangusha Mswahili ni pale Kixhosa kinapofanana na lugha yake.

Vidoko vya msingi ni vitatu. C: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, unaivuta kama mtu anayesikitika; ndicela (naomba). X: ncha inabaki juu, ubavu wa ulimi ndio unaoachia, kama unamhimiza punda, uxolo (samahani). Q: ncha inabanwa nyuma ya ufizi kisha inashuka ghafla, mlio wa kizibo kikichomoka, iqanda (yai). Wengi hukosea kwa kupiga kidoko, kunyamaza kidogo, halafu kutamka "ka". Kidoko ndiyo konsonanti yenyewe, irabu inafuata papo hapo. Zoea aca, axa, aqa polepole kabla ya kugusa maneno.

Ukiona th, usiisome kama ya "thamani". Thanda (penda) ina t yenye pumzi: weka kiganja mbele ya mdomo, hewa ikipige. Wenye Kimvita wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba hapa watapita bila jasho.

Sasa mtego wenyewe. Kwetu u- ni wewe, a- ni yeye. Kixhosa kinasema uyahamba kwa wote wawili, wewe unakwenda na yeye anakwenda. Kinachotenganisha ni toni, kiambishi cha "yeye" kikipandishwa sauti. Kwa maandishi huoni kitu. Kwenye kukanusha ndipo vinaachana: awuhambi (huendi), akahambi (haendi). Kwa hiyo jifunze kila kitenzi pamoja na ukanushi wake, tena kwa kusikiliza. Kitenzi kuishia na -i tayari unakijua: hatusomi ni asifundi. Ila angalia, hiyo si- ni "sisi", wala si ya "sisomi".

Usiichukulie -ya- kama -na- yetu. Ndiyafunda (najifunza) ni sentensi iliyokwisha. Ukitaja unachojifunza, kwa kawaida -ya- inaondoka: ndifunda isiXhosa. Na ukikanusha, nomino nayo hupoteza irabu ya mbele: ndifuna inyama (nataka nyama), andifuni nyama.

Maneno pacha yaandikie daftari lake. Imali ni pesa, ingoma ni wimbo, funda ni kujifunza wakati kwetu kumfunda mtu ni kumfundisha. Enkosi ni asante, inkosi ni mtawala.

Salamu ni rahisi: molo kwa mmoja, molweni kwa wengi, sawa na karibu na karibuni. Kwa mzee ongeza tata (baba) au mama, kwa kijana bhuti (kaka) au sisi (dada). Molo tupu kwa mtu mzima inasikika kavu.

Ukitaka kujipima, soma Gqeberha, jina la Port Elizabeth tangu 2021. Gq ni q yenye mngurumo kooni, rh ni kh ya "kheri" wanavyoitamka watu wa pwani. Ikitoka kwa mkupuo mmoja, ongeza maneno.