Uzio wa mabati kwenye kona: jibu kwa aliyeuliza

Ndugu, umeuliza kama mabati na matairi makuukuu yatatosha kuzungushia njia ya udongo mnayochonga huko Ruai kwa mashindano ya spidwei, yaani mbio za pikipiki za kuzunguka njia ya udongo. Kwenye kona, hapana. Tafadhali msianze hivyo.

Kumbuka pikipiki za spidwei zina injini ya cc 500 na hazina breki kabisa. Mguu wa kushoto ambao mwendeshaji anauburuza chini ukimponyoka pale konani, kinachomsimamisha ni uzio tu. Bati linapinda, lakini nguzo nyuma yake haipindi, na ukingo wa chini ukiachwa wazi hata kwa upana wa kiganja, mguu unaingia. Nimeshika bati lililogongwa hivyo: ncha yake ilikuwa imechanika kama kopo la maziwa. Mwaka 2012, Lee Richardson wa Uingereza alifariki baada ya kugonga uzio huko Wrocław, Poland, na huyo alikuwa mtaalamu wa miaka mingi.

Kinachofaa kwenye kona ni uzio wa hewa: ni mito mikubwa inayojazwa upepo na kutoa hewa ikigongwa, ndiyo maana haikurushi kurudi njiani kwa wenzako. Ni ghali. Basi punguzeni urefu wa njia kwanza, ili muweze kufunika kona zote mbili kwa mito hiyo, hasa pale pikipiki zinapotoka zikifungua mafuta.

Na kamba ya kuzima injini mwendeshaji akianguka ifungwe kwenye kifundo cha mkono cha kila mmoja, hata siku ya mazoezi. Kofia ya bodaboda yenye mkanda uliolegea isiingie uwanjani.