Mbona iko mbali vile: barua kwa mwanangu

Asalaam aleykum mamangu, voisi yako nimeisikiza mara mbili. Unauliza hii setilaiti ya DSCOVR kama kazi yake ni kuitizama dunia, mbona wakaipeleka kilomita milioni 1.5, hata mwezi uko karibu zaidi. Nimelifikiria swali lako tangu alfajiri nikishona nyavu.

Nianze na ya kwetu. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa Ngomeni 12 Desemba 1970, pale kwenye mitambo ya Wataliano baharini, ikakaa kilomita 500 na kitu juu, ikizunguka dunia kila saa moja na nusu hivi. Ukiwa karibu vile unaona kipande tu, sa hizi mchana sa hizi usiku. DSCOVR ilirushwa 2015 ikawekwa kati yetu na jua, pahala mvutano wa jua na wa dunia unaifanya iende na sisi mwaka mzima, jua nyuma yake dunia mbele, kwa hio upande wa mchana inauona wote.

Afu kuna kazi ya pili, na kwangu mie ndio kubwa. Jua latoa upepo wa chembe zenye umeme, ukichafuka wavuruga redio, GPS, hata stima. Wajua tukiwa ndani ya mwamba maji yametulia, hujui nje kukoje mpaka alie nje akupigie simu akwambie kusi imechacha. Ndio hivyo. Upepo unaipiga setilaiti kwanza, habari yafika huku kwa sekunde 5 tu, na upepo wenyewe bado uko njiani robo saa, pengine saa nzima. Mie napita mlango wa mwamba gizani na ile GPS ulioninunulia, nikikosea mita 30 mashua imepasuka, robo saa hio siioni ndogo kabisa.

Na ile picha ya DSCOVR ya Julai 2015 ifungue tena. Mwezi unapita mbele ya dunia, kijivu kitupu, ule uso tunaoujua haupo, maana huo ni mgongo wake. Kumbuka siku zile Ramadhani yaisha, mimi na mamako tuko ufukweni twautafuta mwezi wa Idi hatuuoni. Mwanga wote ulikuwa upande wa pili, umeelekea jua, na kule ndiko kamera ilipokuwa.