Majibu kwa Wasomaji: Kuizoesha Pikipiki Mpya ya Magurudumu Manne katika Njia za Dodoma

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu kutoka Ipagala, Dodoma. Nimenunua pikipiki mpya ya magurudumu manne, yenye injini ya petroli inayopozwa kwa maji, isiyo na klachi ya mkono kwa kuwa nguvu yake hupitishwa kwa mkanda. Rafiki zangu wanne wana za kwao walizozitumia kwa muda mrefu, na tumepanga Jumamosi tupite Hombolo, tufike chini ya milima ya Chenene na kurudi siku hiyo hiyo. Mmoja wao ananihimiza niikamue tangu siku ya kwanza ili injini ifunguke. Fundi wangu naye anasema nisivuke kilomita 30 kwa saa kwa mwezi mzima. Nimsikilize nani, na je, safari hiyo inafaa?

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa chombo kipya. Rafiki yako na fundi wako wana sehemu ya ukweli kila mmoja, lakini ukifuata ushauri wa yeyote kati yao jinsi ulivyo, unaweza kuiumiza injini.

Ukuta wa silinda mpya huachwa na kiwanda ukiwa na mikwaruzo midogo inayokatana, iliyowekwa makusudi ili ishike oili. Ringi za pistoni, zinapopanda na kushuka, husuguana na mikwaruzo hiyo hadi nyuso hizo mbili zikaoana na kuziba vizuri, gesi ya mwako isipenye kwenda chini wala oili isipande juu. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni shinikizo la gesi hiyo yenyewe. Kwa sababu hiyo injini isiyopewa kazi ya maana, ikatembezwa mwendo mmoja wa polepole wiki baada ya wiki kama anavyotaka fundi wako, inaweza kung'arisha ukuta wa silinda kabla ringi hazijakaa, na matokeo yake ni chombo kinachokula oili na kutoa moshi wa buluu kingali kipya. Ukiikamua, nako kuna hasara yake: sehemu ambazo bado hazijaoana hupata joto kali, utando wa oili hukatika, na chuma hukwaruza chuma.

Injini mpya inahitaji kazi ya wastani inayobadilika-badilika. Ongeza mafuta kwa kidhibiti cha mwendo kilicho kwenye usukani, acha chombo kivute, kisha achia kipungue chenyewe, halafu ongeza tena. Vitabu vya Yamaha, kwa mfano, huhesabu muda wa kuizoesha injini kwa saa za kazi badala ya siku za kalenda: katika saa 10 za kwanza mwendeshaji aepuke kuendelea kwa muda mrefu akiwa amefungua mafuta zaidi ya nusu, abadilishe mwendo mara kwa mara, na kila baada ya saa moja aipumzishe injini kwa dakika 5 hadi 10, kati ya saa ya 10 na ya 20 aepuke kukaa muda mrefu juu ya robo tatu, na asifungue mafuta yote. Watengenezaji wengine wana hesabu zao zinazotofautiana kidogo, kwa hiyo kitabu kilichokuja na chombo chako ndicho chenye neno la mwisho. Kabla ya kila safari washa injini uiache ipate joto kidogo, kisha anza taratibu. Oili ya baridi huchelewa kufika inakohitajika.

Kuhusu Jumamosi, ningewaomba muifupishe. Hombolo peke yake, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 40 kaskazini-mashariki ya mjini, inatosha kabisa kwa mara ya kwanza, na njia za pembeni kati ya mashamba ya zabibu na mibuyu zina kile hasa ambacho injini mpya inakitaka: vipande vya tambarare, vilima vidogo, kona nyingi, na sababu za kupunguza na kuongeza mwendo bila kujilazimisha. Chenene itawafikisha kwenye miinuko mirefu, na njiani mtakutana na makorongo yenye mchanga mzito. Mchanga huo unailazimisha injini kufanya kazi kubwa huku chombo kikienda polepole, na mkanda, ambao nao ni mpya na unahitaji kuzoeana na puli zake, hupata joto na kuteleza. Mkanda ulioungua siku ya kwanza haurudi katika hali yake. Palipo na mchanga au mwinuko msiouweza kuuepuka, weka gia nzito, ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo, kabla ya kuingia, usisubiri mpaka chombo kianze kulemewa. Usibebe mizigo mizito na usivute mwenzako aliyekwama. Kazi hiyo waachie wenye vyombo vilivyokwisha kukomaa.

Jambo ambalo marafiki wengi hulisahau ni kwamba msafara wenye chombo kipya hufuata mwendo wa chombo hicho, na wenye vyombo vya zamani wakubali hivyo kabla ya kuondoka. Mkikubaliana njiani, tayari mmoja ameshakimbia, na mwenye chombo kipya anafungua mafuta yote ili asiachwe. Kwa kawaida mgeni huwekwa katikati ili alindwe mbele na nyuma, na kwa mtu ambaye bado anajifunza kuendesha sina pingamizi. Lakini katika kiangazi cha Dodoma, katikati ya msafara ndipo penye vumbi zaidi. Ikiwa unaijua njia, tangulia wewe: utapanga mwendo na injini itavuta hewa safi. Ikiwa huijui, kaa wa pili, mbali kiasi cha kuliacha vumbi la wa kwanza litue. Anayeijua njia kuliko wote akae mwisho, na katika kila njia panda kila mmoja amsubiri wa nyuma yake mpaka amwone, ndipo aendelee.

Vumbi lenyewe nataka nilizungumze kwa kirefu, kwa kuwa naamini ndilo linaloua injini nyingi za aina hii katika mikoa yetu ya kati kuliko mwendo kasi. Mvua zetu hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo udongo hukauka na kusagika kwa magurudumu na kwato hadi ukawa laini kuliko unga. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kiasi cha kukwaruza silinda na ringi. Chujio la hewa ndilo kinga pekee. Katika pikipiki nyingi za magurudumu manne chujio hilo ni la sifongo, na sifongo kavu haizuii vumbi laini. Kinacholinasa ni oili maalumu iliyopakwa ndani yake. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi lifungue, hakikisha lina oili, na paka grisi kidogo kwenye ukingo wake unaokaa juu ya kisanduku ili vumbi lisipite pembeni. Mkirudi jioni lifungue tena. Usingoje idadi ya saa zilizoandikwa kwenye ratiba ya matengenezo, maana ratiba hizo zenyewe husema kwamba penye vumbi jingi kazi hii ifanywe mara nyingi zaidi. Lioshe kwa kiyeyushi kinachotajwa na kitabu chako, kisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Petroli usiitumie, kwa kuwa huharibu sifongo na huweza kushika moto. Likamue kwa viganja bila kulisokota, likauke kabisa kivulini, ndipo ulipake oili mpya. Kama lako ni la karatasi, utaratibu ni mwingine: halioshwi, likishachafuka hubadilishwa.

Pia angalia upepo wa magurudumu kabla ya kwenda. Mafundi pancha wetu wamezoea magari na pikipiki za kawaida, ambazo hujazwa takribani psi 30 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), na wakiletewa gurudumu nene kama lako hulijaza vivyo hivyo kwa nia njema. Magurudumu ya chombo hiki kwa kawaida huhitaji psi 4 hadi 7 tu, kulingana na kibandiko cha mtengenezaji. Ukizidisha, chombo kitarukaruka kwenye mawe, kitazama mchangani na kitapoteza mshiko kwenye kona, tena gurudumu lenyewe linaweza kupasuka wakati wa kujazwa. Nunua kipimo chako cha shinikizo dogo, kwa sababu kipimo cha gari hakisomi vizuri chini ya psi 10. Beba pia vifaa vya kuziba pancha na pampu ndogo ya mkono, kwani miiba ya migunga haichagui gurudumu jipya.

Breki nazo zinazoeshwa. Mahali tambarare, ukiwa katika mwendo wa wastani, funga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa bila kuyabana magurudumu yasizunguke, na kila baada ya kufunga tembea kidogo zipoe. Mkifika Hombolo, zungukeni chombo na spana: nati za magurudumu, bolti za usukani na za viungio vya mbele hulegea katika safari za mwanzo. Mwishowe, usiahirishe kubadilisha oili ya kwanza. Katika vyombo vingi hufanyika karibu na saa 20, pamoja na filta yake, na oili utakayoimwaga inaweza kumetameta kwa chembe za chuma zilizotokana na msuguano nilioueleza. Chembe ndogo mno si tatizo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni sababu ya kumrudia aliyekuuzia.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kikuyu, hapa Dodoma. Mume wangu ana pikipiki ya magurudumu manne ya kiti kimoja na kila Jumapili humpakia mwanetu wa miaka tisa mbele yake wakienda na marafiki. Anasema haianguki kwa kuwa ina magurudumu manne. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, si kweli, na nakuomba umwoneshe jibu hili. Magurudumu manne huzuia chombo kuanguka kikiwa kimesimama. Kikiwa mwendoni, kwenye mteremko au kona, kinachokizuia kupinduka ni mwili wa mwendeshaji: hujisogeza mbele anapopanda, nyuma anaposhuka, na upande wa juu anapokatiza mteremko. Mwenye mtoto kifuani hawezi kusogea hivyo, wala mtoto hawezi kufanya hivyo kwa niaba yake. Chombo kikipinduka, uzito wake, ambao mara nyingi huzidi kilo 200, humwangukia aliye mbele. Watengenezaji hubandika onyo kwamba chombo cha kiti kimoja kisibebe abiria, na kwamba vyombo vya ukubwa wa mtu mzima visiendeshwe na mtoto aliye chini ya miaka 16. Viko vyombo vya viti viwili vilivyorefushwa kwa kusudi hilo, lakini navyo vinamtaka abiria ambaye miguu yake inafika vizuri mahali pa kukanyagia. Mume wako naye avae helmeti, glavu, buti na suruali ndefu hata kama njia ni fupi.

SWALI: Ninaandika kutoka Kondoa. Vijana wenye pikipiki za magurudumu manne hupita kwenye vilima vyetu na kuacha alama za magurudumu kila mahali. Mvua ikinyesha, alama hizo zinageuka mifereji. Tuwaambie nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Waambieni habari ya ardhi yenu, maana wengi wao hawakuwapo. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili nyasi na miti irudi. Familia ziliishi na uamuzi huo mgumu kwa miaka mingi, na vilima vilivyokuwa vyekundu vikaota tena. Gurudumu linalopanda kilima moja kwa moja hung'oa mizizi ileile iliyosubiriwa kwa muda huo wote, na mfereji wake huanza na mvua ya kwanza.

Nawaomba waendeshaji wanaosoma ukurasa huu wapite katika njia zilizopo tu, zile za mikokoteni na za ng'ombe ambazo serikali ya kijiji imeziruhusu, na kabla ya kupanga msafara wafike ofisi ya kijiji kuuliza. Wakati wa mvua wasipite kabisa kwenye miteremko ya udongo laini, na wasiegeshe vyombo wala kupumzika ndani ya korongo kavu, kwani maji ya mvua iliyonyesha mbali milimani huweza kufika hapo wakati kwao kuna jua kali. Wanaokwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, waache vyombo barabarani, watafute mwongozaji na wamalizie kwa miguu, kwa kuwa vumbi linalotua juu ya michoro hiyo halifutiki bila kuidhuru. Anayezoesha chombo kipya hapotezi chochote kwa kufuata njia ya mikokoteni: mwendo wake ni wa wastani, una kupanda na kushuka, na ndio huo injini yake inaouhitaji katika saa 20 za mwanzo.